Leso Zilipogoma Kushuka

Alhamisi, jioni. Asubuhi ilinyesha, mchana likatoka jua la kukausha samaki, na sasa pana upepo mwanana hapa Dabaso. Hali ya moyo: nyepesi. Nyepesi mno, hata najishuku.

Shajara, nimepita.

Nimeandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena nione kama litabaki. Limebaki. Jopo lililosikiliza utetezi wangu wa uzamili limesema nirekebishe vitu vidogo vidogo, michoro miwili mitatu na sura moja iliyojaa maneno, kisha tasnifu ikajalidiwe. Nimevua viatu vya kuazima vilivyonibana tangu alfajiri, nimekunywa chai, na nimekaa barazani nimenyoosha miguu kama mtu aliyetoka kupalilia.

Wanaosoma ukurasa huu mtandaoni watakumbuka kwamba mara ya kwanza sikupita. Au hawatakumbuka, kwa sababu sikuandika. Nilinyamaza miezi mingi nikajifanya mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Kilichonisumbua ni swali moja nililoshindwa kulijibu mbele ya jopo, na tangu siku ile nimekuwa nikilisikia hata nikiosha vyombo.

Hebu nilieleze, maana leo ndilo lililonivusha.

Fikiria taa nyingi zilizounganishwa. Kila taa ina hali mbili tu: imewaka au imezimika. Hakuna fundi, hakuna swichi kuu. Kila taa inatazama taa nyingine chache, mbili au tatu, na ina kanuni yake ya kuamua. Moja inasema: akiwaka yeyote kati ya ninaowatazama, nami nawaka. Nyingine inasema: nawaka wakiwaka wote. Nyingine ni mbishi, yenyewe kazi yake ni kufanya kinyume. Linapigwa kofi, taa zote zinabadilika kwa pamoja. Linapigwa jingine, zinabadilika tena. Hiyo ndiyo mitandao ya Boole, ambayo wenzangu huitumia kufikiria jinsi jeni zinavyowashana na kuzimana ndani ya mwili, na ndiyo niliyoishi nayo miaka yote hii badala ya kuolewa, kama wasemavyo majirani.

Ukiziunganisha taa hizo ovyo ovyo, utapata balaa moja kati ya mawili. Ama mtandao utaganda, kila taa ibaki ilivyo milele. Ama utapata wazimu: gusa taa moja tu na fujo inaenea hadi pembeni kabisa. Kiumbe hai hakiwezi kuishi hivyo wala vile. Kwa hiyo watu wa fani yangu wanauliza: mtandao unawezaje kujirekebisha wenyewe, bila fundi, ukafika pale katikati?

Njia niliyoichunguza mimi ni ya mageuzi, na ina ukatili kidogo. Unauacha mtandao ucheze, kisha unatazama ni taa ipi iliyokuwa upande wa wengi mara nyingi kuliko nyingine zote. Hiyo ndiyo iliyoshindwa. Inanyang'anywa kanuni yake, inapewa nyingine kwa bahati nasibu, na mchezo unaendelea. Sisi tumelelewa kwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndani ya kompyuta yangu, anayevunjika guu ni yule anayekwenda na wengi kila siku.

Na inafanya kazi! Bila mimi kutia mkono, mtandao unatoka kwenye wazimu, unatulia, na haugandi.

Ila kuna kioja. Ukichungulia kanuni zilizobaki baada ya mageuzi marefu, nyingi ni za namna moja: zile ambazo kwazo jirani mmoja ana neno la mwisho. Yeye akishakuwa katika hali fulani, wengine waseme wasemavyo, uamuzi umeshapita. Profesa Mutiso, mtahini wa nje, mtu wa bara mwenye sauti ndogo inayomfanya kila mtu ainame kumsikiliza, aliniuliza mara ile: "Unamwadhibu anayefuata wengi, halafu mtandao wako unajaa wanaomfuata mmoja. Mbona usigande?"

Nilimpa tarakimu. Akasema tarakimu ameziona, anachotaka ni sababu. Sikuwa nayo.

Nikarudishwa.

Hapo ndipo anapoingia Shangazi Sidi. Ni dada mkubwa wa marehemu baba, na tangu baba atutoke, neno la mwisho kwetu ni lake. Anaongoza kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko hapa kwenye hori la Mida na kuwapikia wageni sambusa za kaa. Akisema leo tunapanda, wanapanda. Akisema maji hayafai, wanatoka topeni hata kama wameshafika magotini. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, ukimuuliza jambo lolote kuanzia bei ya kuku hadi mambo ya ndoa, jibu ni lile lile: "Muulize shangazi yako."

Shangazi si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Nilipougua nikiwa shule ya bweni, ndiye aliyekuja kunichukua, na kutoka njia panda hadi nyumbani alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa msichana mkubwa. Lakini niliporudishwa na jopo alitoa hukumu. Nijaribu mara ya pili, na iwe ya mwisho. Wakinirudisha tena, nifungashe vitabu nirudi nyumbani, binamu yangu ameshaniulizia kazi ya mapokezi katika hoteli moja Watamu. Mama alikuwa amekaa pale pale. Nilimtazama aseme neno. Naye alimtazama Shangazi.

Kazi ya mapokezi si aibu, na wapo wanaoiombea dua. Mimi ningenyauka pale polepole, huku nikitabasamu.

Kuna jambo jingine ambalo nyumbani sikuthubutu kulitaja. Msimamizi wangu, Daktari Nafula, alikuwa ameniambia kwamba nikipita, nafasi ya uzamifu ipo. Nililificha kama mtoto anavyoficha embe bichi, nikijua likionekana litachukuliwa.

Basi leo.

Kwetu mtoto hapelekwi peke yake kwenye jambo kubwa. Niliwasihi wasije. Wakaja. Kikundi kizima cha mikoko kilipanda gari la kukodi hadi chuoni, vyombo vya chakula mapajani, wote wamejitanda leso za sare, rangi ya machungwa. Askari wa getini aliuliza harusi ni ya nani. Leso alizichagua Shangazi mwenyewe, na maneno yake, yaliyoelekea moja kwa moja kwa watahini, yalisema: DUA LA KUKU HALIMPATI MWEWE. Sijui mwewe alikuwa nani pale. Niliomba Mungu Profesa Mutiso asiwe msomaji wa leso.

Walikaa safu mbili za nyuma, kimya, wakinukia udi na bizari. Nikaanza kusema. Sijafika mchoro wa pili, stima ikapotea.

Projekta ikazimika. Feni zikasimama. Kompyuta yangu, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikawa kipande cha bati. Tulingoja. Mwenyekiti wa jopo akatazama saa, akatazama dirishani, akasema kwa upole kwamba naweza kuendelea bila picha, au tutafute siku nyingine.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Siku nyingine" ilinijia masikioni kama "rudi nyumbani". Mdomo ukasema "Naendelea" kabla ya akili kujua tunaendelea na nini.

Nikageuka nikaona machungwa matupu nyuma ya ukumbi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliwaita akina mama mbele, nikawasimamisha duara. Leso juu ya kichwa, taa imewaka. Leso kifuani, taa imezimika. Kila mmoja nikampa watu wawili wa kutazama na kanuni yake. Kanuni za Mama Kache, jirani yetu, na za wengine kadhaa nilizifanya za ubishi, makusudi, ili pasigande hata kidogo: wawili wako wakiinua, wewe shusha. Shangazi Sidi nilimpa rahisi: akiinua yeyote kati ya Mama na Mama Kache, inua. Nikawaambia, nikipiga kofi, kila mtu aangalie watu wake walivyokuwa kabla ya kofi, kisha afanye. Wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa.

Nilianza na zaidi ya nusu ya leso juu, ya Shangazi na ya Mama zikiwamo. Nikapiga kofi.

Leso zote zikapanda.

Nikapiga tena. Zote juu. Nikapiga mara ya tatu, ya nne, nikaanza kutoka jasho. Duara zima la machungwa limesimama juu ya vichwa, halitikisiki, mikono ya Mama inatetemeka kwa uchovu, na hakuna hata mmoja anayeshusha. Niliwaza hoteli ya Watamu. Niliwaza hata sare nitakayovaa.

Profesa Mutiso akainua kalamu. "Yule mama pale, si ulimwambia wawili wake wakiinua yeye ashushe? Mbona hashushi?"

Mama Kache akajijibia mwenyewe, bila kuona tabu yoyote. "Mkubwa hajashusha."

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona.

Niliwapa kanuni zangu, wao wakaja na ya kwao, ile waliyonyonya tangu utotoni: mtazame mkubwa. Wengine wote niliowapangia hawana neno. Ndiye jirani mwenye neno la mwisho, amesimama mbele ya jopo amejifunga leso! Na cha kuchekesha zaidi, mtu pekee aliyefuata kanuni yangu sawasawa ni Shangazi mwenyewe. Alikuwa akiwatazama wawili wake kwa bidii. Wawili wake wameinua kwa sababu yake, naye ameinua kwa sababu yao. Wangekaa hivyo hadi Krismasi.

Nikamwambia Profesa, huku ndiko kuganda ulikoniuliza. Sasa ngoja tutie mageuzi.

Maana yake, shajara, ilikuwa nimtafute aliyekuwa na wengi muda wote, nimwambie ameshindwa. Hapakuwa na haja ya kutafuta. Waliokuwa chini walijiunga baadaye, na waliolingana naye walikuwa wakimtazama yeye. Shangazi alikuwa juu tangu mwanzo na wengi walikuwa naye mwanzo hadi mwisho. Ilibidi mimi, Kadzo, mtoto aliyebebwa mgongoni, nisimame mbele ya maprofesa nimwambie Shangazi Sidi kwamba kanuni yake inafutwa. Sikumbuki mtu yeyote wa ukoo wetu aliyewahi kumwambia abadilike. Akina mama walijua kinachokuja, na wakaanza kutazama sakafu.

"Shangazi, samahani. Mchezo unasema wewe ndiye umeshindwa."

"Mimi?" Leso bado iko juu. "Kwani mimi nimemfuata nani?"

"Hujamfuata mtu. Ila kila mara uko na wengi."

"Sasa wengi wakiwa nami, kosa langu liko wapi?"

Jibu la hesabu nililokuwa nalo halikuwa la heshima. Profesa Mutiso alikuwa ameinama mbele kwa mara ya kwanza, sasa yeye ndiye anayejitahidi kusikia. Shangazi alinitazama. Nadhani aliona jasho, aliona viatu vya kuazima, aliona mtu anayekaribia kulia.

"Haya," akasema. "Mkubwa ni jalala. Nipe hiyo kanuni mpya."

Nilimpa iliyonijia kwanza. "Mtazame Mama peke yake, ufanye kinyume chake."

Nikapiga kofi. Leso ya Mama ilikuwa juu, kwa hiyo Shangazi akashusha, yeye peke yake, wengine wote wakiwa bado juu wameduwaa. Kofi la pili, waliokuwa wamemwona akishusha nao wakashusha, Mama akiwamo. Kofi la tatu, Mama yuko chini, Shangazi akainua. La nne, duara likainua. Likashuka tena, likapanda tena, Shangazi akitangulia na wengine wakifuatia hatua moja nyuma. Hapakuwa na fujo na hapakuwa na barafu. Mama alipogundua kwamba leso yake ndiyo inayompandisha na kumshusha wifi yake, alijifunika mdomo, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Bado wanamfuata mmoja," akasema Profesa.

"Bado. Na ndiye anayezuia wazimu," nikasema. "Kila mtu akimsikiliza kila mtu, fujo ya mmoja inawapata wote. Mwenye neno la mwisho anaikata njiani. Lakini akiwa hatazami mtu, au anawaiga wanaomwiga yeye, tunaganda. Adhabu ndiyo inayomfikia pale na kumgeuza uso. Mtandao unawapenda wakubwa, Profesa. Haupendi mkubwa asiyeguswa."

Nilifungua tasnifu yangu iliyochapishwa, sura ya nne, nikawaonyesha mchoro niliouchora mwenyewe zamani: kila mara mtandao unapokaribia kuganda, walioshindwa wengi ni wale wale wanaotazamwa na wengi. Tarakimu zilikuwapo mara ya kwanza pia. Nilizibeba hadi mbele ya jopo na nikarudi nazo nyumbani bila kuzielewa. Nikasema pia, kwa sababu ni kweli, kwamba duara la leso si ithibati na kwamba kuna mengi sijayapima. Profesa akaandika kitu. Akaniuliza maswali mengine, ya kawaida, yale mtu anayoulizwa na watu walioshaamua.

Stima ilirudi tulipokuwa tumeshatolewa nje kungoja. Walipotuita ndani, mwenyekiti hakumaliza sentensi. Vigelegele vilimkatiza, na safari hii sikuona ni nani aliyeanza.

Nililia, bila shaka. Nililia kwa ile raha ya mtu aliyetua mtungi kichwani na shingo bado haijaamini.

Alasiri tulirudi Dabaso tukala pale kwenye banda la kikundi, juu ya mikoko, maji yakiwa yamejaa chini ya mbao. Daktari Nafula alikuja nasi. Ni mtu mwema, lakini hajui mila za meza yetu, na katikati ya sambusa akasema kwa furaha tu kwamba sasa Kadzo aanze kujiandaa, nafasi ya uzamifu inamngoja, miaka mitatu au minne hivi.

Nyuso zote zikageuka upande mmoja, kwa Shangazi, kama zilivyogeuka maisha yangu yote. Yangu pia ikageuka. Alikuwa akifuta vidole kwenye pembe ya leso. Alivuta pumzi, ile pumzi ninayoijua, inayotangulia hukumu. Halafu akaiacha itoke bila maneno. Akamgeukia Mama.

"Wifi, we wasemaje?"

Mama, kwa mazoea, alimtazama Shangazi usoni kutafuta jibu. Halikuwamo. Akaendelea kulitafuta, maskini, kama mtu anayepapasa swichi gizani katika nyumba ngeni. Kisha akaweka sambusa yake sahanini.

"Asome," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata ndege mmoja akaruka kwenye mikoko. Akakohoa, akarudia kwa sauti yake mwenyewe. "Mtoto asome."

Shangazi akatikisa kichwa polepole, kukubali.

"Haya," akasema.

Na meza nzima ikaitikia: "Haya."

Sasa jua linazama na nyumba imetulia. Mama yuko uani anaosha vyombo, anaimba wimbo wa kanisani na maneno ameyasahau nusu. Sijui kama kilichotokea leo kitadumu. Kanuni mpya huja kwa bahati nasibu, na mtandao una mazoea ya zamani. Kesho nikiamka, kabla ya masahihisho, kabla ya barua ya kuomba nafasi, kabla ya jambo lolote, nitamuuliza Mama bei ya kuku, nisikie atanijibu nini.